Vifuniko Viwili vya Mama Akinyi

Habari hii nimeificha miaka mingi, na singeisema leo kama wanangu hawangeanza kuisikia kwa wajomba zao ikiwa imetiwa chumvi mpaka haitambuliki. Afadhali nijiaibishe kwa mdomo wangu mwenyewe, maana angalau mimi najua pa kukomea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo mjini Kisumu, nakaa chumba kimoja pale Kaloleni, na kila mwezi nilikuwa natoa karatasi. Karatasi moja tu, naipiga taipu ofisini saa ya chakula cha mchana wakati bosi ameenda kula, natia karboni nipate nakala mbili, moja naitundika nje ya duka la Bwana Kamau hapo mtaani, na nyingine kwenye kinu cha kusaga mahindi kule Nyamasaria. Niliiita Waya na Betri, na mimi mwenyewe nilijiita Fundi Wenu. (Sikuwa fundi. Maishani nilikuwa nimefungua redio nne na kufanikiwa kuzifunga tatu.) Niliandika juu ya betri zilizochoka, kaseti zinazokwama, redio zinazonguruma mvua ikikaribia, na upande wa kulia niliacha nafasi nyeupe na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ili msomaji aulize swali lake na mimi nikipita nimjibu papo hapo. Chini ya kila habari niliweka maneno yaleyale: Nimejaribu mwenyewe. Watu walinipenda kwa maneno hayo. Na kweli nilikuwa nikijaribu, mpaka mwezi ule.

Mwezi ule nilikuwa mkavu kabisa. Jumapili inakuja, watu wakitoka kanisani watapita dukani kusoma, na mimi sina hata mstari. Nikachukua gazeti kuukuu la kigeni la mambo ya mitambo, nikaona picha ya antena ya televisheni iliyotengenezwa kwa sahani za bati, nikasema, sahani za bati tutatoa wapi, lakini vifuniko vya sufuria kila nyumba inavyo. Basi nikaandika: chukua vifuniko viwili, toboa kila kimoja katikati kwa msumari, funga waya, pandisha juu ya mti mrefu. Nilipofika hapo nikaona habari imekuwa fupi, haina uzito wa kitaalamu, ndipo nikaongeza kwamba vifuniko vielekezwe ziwani, kwa sababu mawimbi ya picha husafiri vizuri juu ya maji. Hilo sikulisoma popote. Lilinijia tu, likanipendeza. Kisha nikapiga taipu: Nimejaribu mwenyewe.

Televisheni sikuwa nayo. Sikuwahi kuwa nayo.

Wiki ya kwanza maswali yakaanza kwenye nafasi nyeupe. Mmoja aliandika, "Fundi, mbona picha haiko?" Hapo ndipo ningeokoka, ningeandika tu kwamba nimekosea na dunia ingeendelea, lakini mkono ukaandika, "Geuza polepole, uwe na subira." Wiki ya pili ukitembea Kaloleni ukiinua macho unaona vifuniko vinang'aa juu ya nyumba, vyote vimetazama ziwa, na akina mama wanafunika mboga kwa sahani. Bwana Kamau akaniambia, "Wewe, hiyo karatasi yako imefanya nimalize misumari yote." Yeye hakulalamika.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa na jambo kubwa kuliko karatasi. Nilitaka kumuoa Akinyi, binti ya mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamasaria, na Jumapili ya tatu ndiyo iliyopangwa twende nyumbani kwao nijulikane rasmi. Baba yake akinikataa, basi, maana Akinyi aliniambia waziwazi, "Mimi siwezi kukataa neno ya baba yangu, kwa hivyo usiende kuharibu." Nikaazima koti. Nikaenda na baba mdogo Okelo, ambaye ndiye angekuwa jagam wetu, yaani msemaji, kwa sababu kijana hajisemei mwenyewe mbele ya wakwe. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa, kunyamaza na kuonekana mtu wa maana.

Tulipoingia langoni niliinua macho, nikaona mti mrefu umefungwa ukutani, umepita juu ya paa, na juu yake vifuniko viwili. Vimetazama ziwa.

Nilijua Mwalimu ana televisheni ndogo ya betri ya gari, Akinyi aliniambia, lakini kwamba husoma karatasi kwenye kinu sikujua, na yeye Mwalimu hakujua Fundi Wenu ni nani. Nikajituliza. Nikasema moyoni, nyamaza tu, ndiyo desturi yenyewe, leo desturi imekuja kukuokoa.

Tukakaa, tukasalimiwa, soda zikaletwa. Mama Akinyi alibaki chumba cha ndani na shangazi wawili, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakitazamana. Mwalimu akatuonyesha televisheni yake pale pembeni, imewashwa, inavuma, kioo kimejaa madoa meupe yanayorukaruka kama dagaa wa ziwani.

"Mnaona hii omena?" alituuliza. "Wiki mbili mimi nakaa hapa natazama omena. Na si mimi nilijitakia, ni mtu."

Akatoa daftari la mazoezi. Kwa sababu mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, alikuwa ameinakili habari yangu yote kwa mkono, mistari imenyooka, na maneno mengine ameyapigia mstari mwekundu. Akatusomea. Alipofika kwenye ziwa alisimama, akavua miwani. "Sasa mimi najiuliza, siku hizi taarifa ya habari inasomwa na samaki mbuta?" Kisha akamalizia, taratibu, "Nimejaribu mwenyewe." Akafunga daftari. "Mtu wa kuandika hivyo bila haya, mimi nataka tu nimuone."

Mimi nilikuwa nachunguza soda yangu. Na hapo baba mdogo Okelo, ambaye hakusikia lolote isipokuwa kwamba kuna maandishi na kwamba anatafutwa mwandishi, na ambaye tangu asubuhi alikuwa akitafuta sifa ya kunipamba nayo, akakohoa, akasimama, akasema, "Mwalimu, Mungu ni mkubwa. Huyo mtu yuko hapa. Ni huyu kijana wetu. Kaloleni mzima inamjua."

Mwalimu alivaa tena miwani yake, akanitazama. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Vizuri. Ngazi iko nyuma ya nyumba."

Baba mdogo alishtuka sasa, akaeleza kwamba haiwezekani, mkwe hapandi juu ya nyumba mama mkwe akiwa ndani, hiyo ni aibu ya kizazi. Mwalimu akakubali ni kweli. Akaita ndani, "Mama Akinyi, tokeni nje kidogo, fundi amefika." Wakatoka, mama na wale shangazi wawili, wakaenda kusimama karibu na ua wakinipa mgongo kwa heshima, na mama alikuwa na sufuria mkononi, kuku wake ndani, imefunikwa kwa sinia lisiloienea. Majirani walioona wanawake wamesimama nje wakadhani kuna msiba, wakaja. Nikavua koti la watu, nikapanda.

Nikashika ule mti, nikaugeuza. "Sasa?" niliuliza.

"Omena," alijibu Mwalimu kutoka dirishani.

Nikageuza tena. "Na sasa?"

"Omena wamezaa."

Niligeuza kuelekea mjini, nikageuza kuelekea milimani, jasho linanitoka, bati linanichoma magoti, na majirani wanashauri kila mtu upande wake. Mwishowe Mwalimu akatoka nje, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akaniuliza swali ambalo mwalimu mzuri angeanza nalo. "Kijana, hiyo yako kwako, uliielekeza wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini nilimwona Akinyi mlangoni, ananitazama, na nikaona nikiongeza uongo mmoja tena sitashuka kwenye lile paa maishani.

"Mwalimu," nikasema, "mimi sina televisheni."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Mama Akinyi, bado amenipa mgongo, alimwambia shangazi kwa sauti ya kawaida, "Na mimi nilitobolewa vifuniko zangu mpya."

Tulikula, maana mgeni hafukuzwi akiwa na njaa, lakini habari ya ndoa haikuguswa. Wakati wa kuagana Mwalimu aliniambia, "Andika ukweli. Utundike pale kinu. Nikisoma, ndiyo nitajua kama tutaongea." Akinyi hakunisindikiza.

Niliandika usiku uleule kwa mkono, sikungoja taipu. Mistari minane: kwamba sikujaribu, kwamba la ziwa nililitunga, kwamba waliotoboa vifuniko waliharibu mali yao kwa ajili ya uvivu wangu. Kaloleni walinijibu kwenye nafasi nyeupe mpaka ikajaa, wakaendelea kwenye ukuta wa duka, na mengine Bwana Kamau aliyapaka rangi juu. Siku ya nne nilirudi kinuni. Chini ya mistari yangu palikuwa na alama ya vyema, ya wino mwekundu, na maneno mawili: Njoo Jumapili.

Tumeoana, tumezaa. Karatasi niliiendesha miaka mitatu zaidi, lakini kitu ambacho sikukigusa kwa mkono sikukiandika, na baadhi ya miezi haikutoka kabisa. Sufuria mpya na vifuniko vyake nilimpelekea mama mkwe zamani sana, akapokea, akashukuru kupitia kwa Akinyi. Wageni wengine wote wa boma lile hupakuliwa kutoka humo. Mimi nikienda, kuku wangu huja katika ile sufuria ya zamani, na juu yake kifuniko chenye tundu katikati, mvuke unatoka pale polepole, unanijia usoni.