Wageni wa Masasi Waliopelekwa Gesti

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapoitwa kwenye kamati ya harusi ya mbali. Siku hizi naitwa mara nyingi. Nakaa, nasikiliza habari za ufukwe, za mapambo na rangi za vitambaa mpaka kichwa kinaniuma, nami nangoja mtu aulize wageni watafikia kwa nani. Bado sijamsikia. Wewe umeuliza, basi nitakueleza, ijapokuwa nimechoka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa mjini Moshi na kahawa ya mlimani imeshuka bei. Nilikuwa nimetoka chuo, naolewa na Bahati, kijana wa Masasi. Ndoa ilipaswa kufungwa kwao. Lakini baba yangu alikuwa ameanguka akikata majani ya ng'ombe, nyonga ikaharibika, hata kufika uani ikawa kazi. Ndugu wa Bahati wakakubali kutufuata huku juu, ili baba anione nikiolewa. Fikiria wema huo: barabara za kusini za wakati ule, matope, mabasi ya kuungaunga, na bibi yake mzee akiwemo.

Mimi nilikuwa mtu wa kuwaza. Niliwaza mvua, nikawaza jenereta, nikawaza bibi na baridi ya mlimani. Zaidi niliiwaza nyumba yetu: moshi wa jikoni, ng'ombe waliotenganishwa nasi kwa ukuta mmoja wa mbao, choo cha migombani. Basi nikawachukulia wageni vyumba vya self katika gesti moja kule Njoro, maji ya moto na yote. Mama aliniuliza, "Wageni wa harusi wakalale kwa watu baki?" Nikamjibu kwamba dunia imebadilika.

Waliposhuka stendi niliwapeleka moja kwa moja gesti, nikawaonyesha mabomba. Bibi hakuingia chumbani. Aliketi juu ya begi lake pale mapokezi, akajifunika khanga mabegani.

"Mke mwenzangu," akaniita. Bibi wa kwao humtania hivyo mke wa mjukuu. "Nyumbani kwenu kuna msiba?"

"Hapana, bibi."

"Kuna ndui?"

"Hapana."

"Sasa mnaficha nini? Nimekuja kuliona jiko linaloninyang'anya mume wangu, naonyeshwa bomba. Kesho mnitafutie basi. Siozi kwa watu wasio na mlango."

Bahati alijaribu kucheka. Bibi hakucheka. Na wale baba wadogo wa Bahati waliokuja naye, bibi akigeuka, hakuna ambaye angepanda mlimani bila yeye.

Nilirudi nyumbani nikilia. Baba hakunisema. Aliomba fimbo yake, akamwambia mama akate jani la isale pale kwenye mpaka wa shamba, kisha akapakiwa kwenye pikapu ya jirani. Kila shimo la barabara niliona anauma mdomo.

Pale gesti aliegemea mlango. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye nyonga?"

Akampa lile jani kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani, ukiletewa isale huna budi kusamehe. Bibi akaligeuzageuza, akalinusa.

"Mboga hii mnaipika na karanga?"

Hata dada wa mapokezi aliangua kicheko.

"Si mboga, mama," baba akasema. "Kwetu hiyo ndiyo samahani."

"Mmh. Kwetu samahani huja kwa miguu." Akamtazama baba toka juu hadi chini. "Nayo hii imekuja kwa miguu mibovu." Akainuka. "Haya, mke mwenzangu, nibebee begi."

Tulipofika nyumbani ndipo baba aliponisema, mara moja tu: "Mficha uchi hazai, binti yangu. Mgeni wa harusi haji kulala. Anakuja kufika."

Walilala chini, juu ya magodoro ya majirani. Bibi alilala karibu na moto na asubuhi akalalamika kwamba ng'ombe wetu anacheua kama mzee asiye na meno. Alikuwa na furaha.

Lakini baba hakuinuka kitandani. Safari ya Njoro ilikuwa imemmaliza ile nyonga. Hakuweza hata kuketi. Harusi iliyoletwa mlimani kwa ajili yake, hakuiona. Bibi naye alikataa kwenda kanisani. "Nendeni," akasema, "mwenyeji wangu haachwi peke yake." Wakabaki wawili, wakisikiliza matarumbeta ya kanisani kupitia migombani.

Mwanangu, gesti si dhambi, na hoteli uliyoichagua ni nzuri. Ila kila mgeni umpe kwanza mlango wa nyumbani na mtu wa kumwita kwa jina. Anywe kitu cha moto, awaone wazazi wako na jiko lenu lilivyo. Baada ya hapo msindikize akalale popote. Na mzee muulize anataka nini, usimwazie. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; mimi nilimzuia mgeni, na mwenyeji wangu hakupona.

Mungu awafikishe wageni wako salama. Akupe nyumba usiyoionea haya. Na wazee wako wafike kanisani, wakuone.