Miguu Iliyokataa Mkeka

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile waliyonifunga miguu kwenye kilio cha baba yako. Walinifunga kwa kitenge changu mwenyewe, mchana, watu wakiangalia. Wewe ulikuwa tumboni. Wako watakaokuambia kwamba mambo hayo yamepita na mama yako ana kinyongo. Ndiyo, ninacho. Sikiliza kwanza, halafu utaniambia ningekiweka wapi.

Baba yako Banza alikuwa mwalimu hapa Kamina. Vita vilipofika, mshahara ulikwisha, akaenda upande wa Malemba-Nkulu kutafuta samaki wa kuuza. Walimpiga risasi njiani. Kama walikuwa wanajeshi au wale wengine, hakuna aliyetaka kuuliza. Mwili ulifika juu ya baiskeli, tukauzika haraka kwa sababu ya joto, na kilio kikaanza nyumbani kwa mama yake.

Kwao mjane anakaa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Anakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooka, na hainuki ila kwa haja. Anayetulia alimpenda mume wake. Anayehangaika ana jambo. Kila mwanamke aliyeingia kunipa pole aliangalia miguu yangu kwanza, uso baadaye.

Na miguu yangu ilikataa. Hayakuwa maumivu, ningeumwa ningelia, na kilioni kulia kunaruhusiwa. Ilikuwa kama kitu kinatembea ndani ya mfupa, kinavuta, kinakwaruza pale mkono usipofika. Nikitulia kinazidi. Nikisimama na kutembea kidogo kinaondoka, nikikaa kinarudi. Kilianza na mimba yako, na jioni ndipo kilipokuwa kibaya zaidi. Baba yako alikuwa akinikanda na kunicheka: "Mama Ilunga, hii miguu yako inataka kufika Lubumbashi bila weye." Ilunga ni kaka yako. Alikuwa bado mdogo, hajui hata kuvaa kaptula peke yake.

Niliposimama mara ya kwanza, mama mkwe aliitazama miguu yangu. Niliposimama tena, akauliza:

"Weye, unaenda wapi?"

"Ni miguu, mama. Inanisumbua."

"Bwana yako iko mu udongo, weye miguu inakusumbua!" Akawageukia wenzake. "Mumuone. Kuko mutu anamungojea inje."

Wakacheka kicheko kile cha kilioni, mdomo umefichwa kwa kitenge. Mmoja akasema, "Mumufunge, atatulia." Nilidhani ni mzaha mpaka waliponishika.

Hapo kikapanda, mwanangu. Miguu ilipozuiwa, kile kitu kiliingia mikononi, kutoka viwiko mpaka vidole, nikaanza kuitupa mikono huku na huku mbele ya watu wote. Sikujua kwamba kinaweza kushika mikono. Kicheko kikaisha.

"Njo bulozi hii," mtu akasema. Uchawi, yaani, na mchawi ni mimi.

Mama mkwe aliinuka, akamchukua Ilunga aliyekuwa akicheza mlangoni, akambeba mgongoni. "Amekula mutoto wangu. Huyu hatamukula."

Wakati huo aliingia kambo yangu, mama wa mama yangu, na kapu la unga wa kilio kichwani. Aliona kitenge miguuni mwangu. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti akafungua fundo kwa meno, halafu akanigeukia mimi kwanza.

"Kinywa yako iko wapi? Ulisoma mpaka sekondari, ukakosa neno?"

Kisha akawaambia wao: "Miye, yangu inashika mu tumbo. Tangu usichana. Magaribi ikifika tumbo inakataa kulala, minatembea. Bwana yangu alizani niko naenda kwa mwanaume, akanipiga mpaka alichoka. Na mama yangu ilikuwa miguu, sawa ya huyu."

Alitaka kuniokoa. Mama mkwe akapiga makofi. "Musikie! Njo bulozi ya jamaa muzima!"

Tuliondoka bila Ilunga. Alikuwa akiniita.

Kambo alinipeleka zahanati. Muuguzi alivuta kope langu chini, akatazama, akauliza kama ninakula pemba, ule udongo mweupe wa sokoni. Ninakula, nani mwenye mimba hali pemba? Na chai? Kila nilipopata chakula nilikisindikiza na chai. Akasema damu yangu imekosa chuma, na kwamba mwili ukikosa chuma unaweza kupoteza utulivu wake, na mimba ikazidisha. Wengine wanazaliwa na hali hii katika ukoo, hata damu ikiwa nzuri. Kwa watu wengi inashika miguu, kwa wengine mikono, kwa wachache mgongo au tumbo kama la kambo. Ni ugonjwa na una jina. Alinipa vidonge vya chuma, akanikataza pemba, na chai nisiinywe pamoja na chakula. Haikupona mara moja. Ilipungua polepole, na ulipozaliwa ikaniachia.

Nilirudi kwa mama mkwe na maneno hayo. Nyumba ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamekimbilia Kabondo-Dianda na mwanangu, na njia nayo ikafungwa na wenye bunduki.

Miaka imepita, na sasa mchuuzi wa samaki ameniletea habari. Ilunga hawezi kukaa kwenye benchi la darasa, anasimama, anatikisa miguu, anapigwa. Bibi yake anasema nilimwachia bulozi, kwa hiyo wanamfungisha na kumwombea. Umeelewa? Mtoto ananyimwa chakula ili miguu itulie. Wanamnyima kile kile ambacho huenda mwili wake unalilia. Na hao ni watu wanaompenda.

Wachuuzi wanarudi huko, nami nitaenda nao. Wewe utabaki na mama yangu. Njia si salama, ndiyo maana nimeandika, uje usome.

Shika haya. Mwili wako ukikuhangaisha unapotulia, hasa jioni, sema. Sema mapema, kwa sauti, kwa watu na kwa muuguzi, hata kama kinachohangaika ni mkono au tumbo na wanakucheka. Usile udongo. Usikubali mtu asome moyo wako kwa jinsi unavyokaa, na wewe usimsomee mwingine. Ukimwona mtoto asiyetulia, mpe chakula kabla ya kumpa jina baya.

Mungu akupe damu nzito na ulimi usioogopa mkwe. Akujalie kulala. Na kama hilo hatakupa, akujalie nyumba ambamo unaweza kutembea jioni nzima bila kuulizwa unakwenda kwa nani.