Penye Vimulimuli Usikanyage

Juzi jioni stima ilipotea hapa Gatongora, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilikuwa natafuta mshumaa niliposikia msichana wangu akiniita kutoka uani, "Mum, kuja uone! Kuna kitu inawaka chini ya dirisha yangu!"

Kimulimuli. Si wale wanaoruka, bali wale wanaojilaza kwenye matope na kutoa mwanga wa kijani. Yeye aliruka kwa furaha. Mimi, niamini, nilimvuta nyuma.

Unajua, hapa palikuwa shamba la cucu, aliyemzaa mama yangu. Juu ilikuwa migomba, na chini kabisa kinamasi alikopanda nduma, yaani magimbi. Akishamaliza kukamua jioni alinituma nimpelekee jirani wa ng'ambo ya kinamasi maziwa, na kila mara alinivuta sikio kidogo. "Penye kunawaka usikanyage." Vimulimuli walipenda penye maji mengi, na hapo ardhi ilikuwa laini kama uji. Basi nilivuka nikifuata giza, maziwa nimeyakumbatia, vyura wakinipigia kelele. Siku moja ng'ombe wa jirani mwingine aliingia hapo penye kuwaka akazama hadi tumboni. Wanaume walimvuta kwa kamba kutwa nzima, na mlio wake bado ninausikia. Lakini nduma za hapo, jamani! Tulizila na chai zikiwa moto, hadi ulimi unaungua.

Cucu alipofariki, mjomba aliuza shamba. Malori yakamwaga mawe na udongo, mteremko ukasawazishwa, hata nisijue tena kinamasi kilikuwa upande gani. Viwanja vilipoanza kuuzwa nilikimbilia kimoja nikajenga, nikiona ninarudi kwetu. Mwezi uliopita ukuta wa chumba cha mtoto ulipata ufa. Fundi akaupapasa, akacheka. "Hiyo ni plasta tu, mathe. Wacha wasiwasi."

Nikaacha, au nilijaribu.

Sasa nikainama pale dirishani. Kimulimuli alikuwa ametulia ufa unapoanzia, na karibu naye mwingine, na mbele kidogo wengine. Msichana alinyoosha mkono amshike. Nikambeba mgongoni, mkubwa alivyo, nikavuka naye ua hadi langoni nikitafuta penye giza pa kukanyaga.

Cucu amekwenda, na migomba yake, na nduma. Kinamasi hakikwenda popote.