Bangili ya Mama Mkwe

Mama mkwe hanywi chai mbele ya wageni mpaka anyanyue mkono wa kushoto, bangili iteremke na kila jicho liione. Ndipo aanze ngano zake: juzi bibi yake alitunukiwa na tajiri, leo tajiri kageuka mfalme. Kwa ajili ya bangili hiyohiyo alimfukuza mdogo wake wa tumbo moja alipoiomba: "Mikono ya kufulia hiyo, dhahabu utaiweza?"

Leo mkaza mwana, aliyevumilia masimango miaka yote akingojea kuirithi, kamkuta chumbani akiipaka kwa ndani rangi ya kucha ili isimchafue. Kifundoni mwa mkono limebaki duara la kijani, alama ya shaba isiyo na haya. Wala mama mkwe hakushtuka, aliipuliza ikauke, maringo yaleyale.

"Usinitolee macho, mwanangu. Nikifa ni yako."