Dereva wa Dada Yangu

Dada yangu ni fundi viatu, na viatu vyake mwenyewe havijawahi kuisha soli. Huo ni utani wake, si wangu. Mimi nikiusema ananitazama vibaya. Miguu yake ilikataa kumbeba tangu akiwa msichana, lakini mikono ipo. Akikushonea kiatu, kiatu chote kitachakaa, mshono wake utabaki.

Kibanda chake kiko chini ya mteremko, mkabala na duka la dawa. Kwa miaka kumi na minne mumewe alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda asubuhi na kumrudisha jioni. Shemeji yangu ni mpaka rangi wa majumba, mtu mrefu, mpole, asiyejua kufoka. Mtaa mzima unamwita Dereva. Nimeishi nao muda wote huo, na nilidhani jina hilo analivumilia tu.

Kisha kikaja kiti cha umeme. Dada alikuwa kwenye orodha ya kituo cha tiba ya viungo miaka mitatu. Fundi wao, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikileta Jumapili. Akatuonyesha kijiti cha kuendeshea, chaja, na vishikio viwili vyekundu nyuma, karibu na magurudumu. Ukivishusha, mota inaachana na magurudumu na kiti kinasukumwa kwa mkono.

"Lakini breki nazo zinakufa," akasema. "Kwenye mteremko msithubutu."

Akaahidi kurudi Jumamosi. Kama kiti hakitamfaa dada, kitakwenda kwa anayefuata. Orodha ni ndefu.

Jioni ile dada alijiendea mwenyewe hadi dirishani, akafungua pazia. Akarudi. Akaenda tena, akalifunga. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, asogezwe wapi, asaidiwe na nani. Nilimwangalia nikajikuta nacheka bila sababu.

Jumatatu asubuhi, mlangoni, akasukuma kijiti. Kiti kikalia tiii, taa nyekundu ikawaka, hakikwenda hata inchi.

"Basi nikusukume tu," akasema Dereva.

Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Jioni kikirudi nyumbani, kinakwenda kama kawaida, asubuhi kinagoma. Mimi nina mdomo, sikatai. Nilikitukana kile kiti, nikamtukana aliyekiunda, nikasema vya kupewa siku zote ni makombo.  Ijumaa nilimkuta dada anakifuta kwa kitambaa chake cha kung'arishia viatu, polepole, kama mtu anayemwandaa mgeni wa kuondoka. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi fundi akaja, akajaribu. Tiii. Akajaribu tena, akatikisa kichwa, akatoa fomu kwenye mkoba.

"Pole, mama. Itabidi nikirudishe."

"Hakuna neno," akajibu dada, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Nikageukia ukuta.

"Hakina ubaya hicho." Alikuwa Dereva. "Ubaya ni wangu."

Akapiga magoti nyuma ya kiti, akavipandisha vile vishikio vyekundu. Kumbe kila asubuhi alipokwenda kuchomoa chaja alikuwa akivishusha, na jioni akivirudisha.

Fundi aliwaka. "Na ule mteremko? Bila breki? Ungemuua mkeo!"

"Sikuachia mikono," akasema Dereva. "Miaka kumi na minne, sijaachia hata siku moja."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe za uso. Dada akainua kidole kimoja, nikaufunga.

"Kwa nini, baba watoto?"

"Hapa nyumbani kuna watoto, kuna wateja wanagonga, kuna huyu mdogo wako." Akanionyesha kwa kidevu. "Njiani ni mimi na wewe tu. Unanisimulia mambo yako yote. Nikawaza, akishakwenda mwenyewe, mimi nitakuwa nani?"

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini? Usijiendee, kwa sababu mimi nitakuwa mpweke? Lingetokaje kinywani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na fomu ya karatasi moja. Nilitaka kukasirika, nina ujuzi huo, lakini hasira haikuja. Alikuwa bado amepiga magoti, suruali yake ina madoa ya rangi ya dari ya mtu mwingine.

Dada alimtazama sana. Kisha akashika kijiti.

"Leo naenda peke yangu," akasema. "Asinifuate mtu."

Fundi akaikunja fomu, akairudisha mkobani. Tukasimama langoni sote watatu. Kiti kikatoka, kikapita kwa jirani, kikakwepa shimo ambalo Dereva amelikwepa maelfu ya mara. Mikono yake ilikuwa imening'inia, hajui aiweke wapi. Mwisho akaificha mifukoni.

Kabla ya mteremko, kiti kikasimama. Fundi akapiga hatua moja, akidhani kimezima. Hakikuzima. Kikazunguka pale pale, taratibu, mpaka dada akawa ametuelekea. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekiona kila siku bila kukiona: miaka yote hiyo walikuwa wakiongea hivyo, mke akisimulia mbele, mume akijibu kisogo. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akicheka njiani.

"Jumatatu!" dada akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. Akaupigapiga mkono wa kiti, upande wa kulia. "Jumatatu utatembea hapa! Nikuone uso!"

Kisha akageuka, akaushuka mteremko peke yake.

Nikamwambia shemeji afute machozi, mtu mzima na ndevu zake, majirani wanamtazama. Aliniazima leso, maana mimi nilikuwa nalia kuliko yeye.