Nilivyopangiwa Siku za Kucheka

Mjukuu wangu alirudi kutoka semina ya Korogwe mjini na elimu mpya: siku hizi biashara si kuuza, biashara ni kupanga. Nikamuuliza kinapangwa nini. Akasema, "Kontenti, bibi." Nikasema alhamdulillahi, kumbe miaka yote hii napeleka makopa ya muhogo gulioni bila kontenti, ndiyo maana nimezeeka sina bati jipya.

Niseme mapema: majina ya watu wote waliomo humu ninayo, na ya baba zao, na ya mbuzi wa mahari walioletwa wakiwa wanachechemea. Sitaji hata moja. Simu imeshatutaja vya kutosha.

Biashara yenyewe ni unga wa muhogo. Muhogo tunaumenya hapa kijijini, upande wa Handeni, tunaanika makopa, tunapeleka mashine, na unga mjukuu wangu anautia kwenye mifuko yenye picha. Anauzia kibandani kwake Segera, pale njia ya Tanga, ya Arusha na ya Dar zinapokutana. Wateja wake wakubwa ni watu wetu walioko Dar, wale ambao mbele za wenzao wanakula mkate na siagi, wakishafunga mlango wanalilia bada, ugali wa muhogo, kama watoto walioachishwa ziwa. Kwa ajili ya hao ndipo simu ikaingia nyumbani kwangu na kunitawala.

Alibandika karatasi kubwa ukutani, imechorwa visanduku, kila siku na kazi yake. Jumatatu ni kuelimisha. Jumatano ni kuburudisha. Ijumaa ni kutia watu moyo. Nikakaa nikaitazama ile karatasi, nikaona hata sikukuu imepangiwa.

"Na mimi niko siku gani humo?"

"Uko siku zote, bibi. Wewe ndiyo sura ya biashara."

Sura yenyewe ina meno ya kuhesabika, lakini sikutaka kumvunja moyo mke mwenzangu. Ndivyo ninavyomwita, maana babu yake alimposa akiwa bado anatambaa.

"Jumatano utacheka," akasema.

"Nicheke nini?"

"Ucheke tu, bibi. Watu wanampenda bibi anayecheka."

"Na Jumatano hiyo nikiamka na jino?"

"Ndiyo maana tunarekodi mapema."

Basi tukarekodi mapema. Siku moja ile, jua moja lile, nikavalishwa kanga na kuvuliwa kanga kama bibi harusi, ili watu wa Dar wadhani majuma yanapita. Nikiwa na kanga hii, namenya. Nikiwa na ile, naanika. Kuku wangu mwekundu alikatiza nyuma yangu kwenye majuma yote, naye hakubadilishwa nguo. Nikamwambia mjukuu wangu, akasema watu hawaangalii kuku.

Halafu akaniletea kinu. Kinu chenyewe tulikuwa tumekigeuza kiti, kimefudikizwa nje ya jiko, wageni wanakalia.

"Twanga, bibi."

"Sisi tunatwanga tangu lini? Si tunapeleka mashine?"

"Mashine haina mvuto, bibi."

Nikatwanga. Mchi ukaniponyoka, nikacheka, naye akaruka kwa furaha. "Hapo hapo! Hiyo itabamba, bibi!" Kisha akakaa chini na simu yake, akazipangia zile picha siku za kutoka, moja moja, kama mtu anayeatamisha mayai. Akanieleza kwamba simu itazituma yenyewe, hata yeye awe amelala, hata awe shambani. Nikamsifu. Nilidhani tumepata mfanyakazi mzuri: hali, halali, haombi ruhusa. Sikufikiri kwamba mfanyakazi wa namna hiyo pia haulizi nyumbani kumeamkaje.

Sasa, ng'ambo ya ua wangu wa minyaa kuna shoga yangu. Tuliolewa msimu mmoja kwenye kijiji hiki, yeye upande ule, mimi upande huu, tukamenya mihogo pamoja mpaka vidole vikapinda upande mmoja. Mumewe alikuwa mtani wangu, maana ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Kila alfajiri alinitukania uani. "Kizee, bado hujafa?" Nami namjibu, "Nakungoja wewe upande gari kwanza nione nauli." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, shikamoo tuliwaachia wengine.

Akapanda gari kweli. Alikufa Jumanne alasiri, usingizini, bila kusumbua mtu, jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kulifanya.

Wanawe wako Dar, ikabidi awangoje. Na kwetu maiti ikiwa haijazikwa, jembe halitoki na kinu hakilii. Hata mwenye njaa atakula kilichosagwa jana. Mtoto akigonga kinu kwa kucheza, anapigwa kofi kwanza na kuelezwa baadaye. Mjukuu wangu anayajua hayo, nimemlea mimi. Alifunga kibanda cha Segera, akaja, akazima simu yake kwa heshima ya marehemu, akaingia jikoni kuosha vyombo. Mimi nilikuwa nimeshashika mwiko. Kwenye nyumba ile, ukiwa msiba au arusi, ugali ninausonga mimi. Hakuna aliyenichagua, wala hakuna aliyewahi kuuliza.

Wana wakafika Jumatano karibu na adhuhuri, na wake zao. Mkwe mkubwa alilia vizuri, sina neno. Alipomaliza kulia akaja mafigani, akachutama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari, poleni na msiba."

"Tumeshapoa, mama. Hivi, huyu si wewe?"

Akanigeuzia simu. Nilikuwa mimi. Nimevaa kanga nyekundu, natwanga, nacheka fizi zote nje, muziki unapigwa, na chini yangu maandishi: Raha ya nyumbani! Weka oda yako leo! Kuku akakatiza.

"Imetoka asubuhi hii," akasema mkwe, kwa upole ule wa watu waliosoma. "Tumeiona tukiwa Segera. Baba yuko ndani hajazikwa."

Wanawake wakaacha kupeta mchele. Simu ikapita mkono kwa mkono. Nikasema, "Jamani, mimi si niko hapa tangu jana? Si mmeniona?"

Mmoja wao, jina lake ninalo, akasema, "Hapa tumekuona. Na huko pia tumekuona."

Mwingine akaushika mwiko wangu taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Pumzika, bibi. Umetwanga sana tangu asubuhi."

Nikaona nijitetee. Nikaenda kwa mzee wa ukoo wao, nikamwambia mimi ni mtani wa marehemu, na mtani msibani hana kosa: anaweza kuvaa suruali ya maiti, anaweza kumtukana, anaweza kudai jeneza halitoki mpaka apewe kuku. Yule mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtani hutania mbele ya watu, macho kwa macho. Mtani haweki bei, na hachukui oda."

Nikarudi upande wa jiko.

Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya jiko, analia. "Bibi, ratiba niliisahau. Nilizima simu, nikadhani nikizima na yenyewe inazima." Akavuta kamasi. "Niweke tamko la kuomba radhi. Naweka picha ya mshumaa, naandika maneno mazuri."

"Litoke lini? Jumatatu, siku ya kuelimisha?"

Akafuta zote, picha za majuma yote, na mimi na kanga zangu na kuku wangu. Nikamwambia asilie, kosa si lake peke yake. Aliyecheka ni mimi.

Tukazika. Nikasema sasa nitaingia ndani kwa shoga yangu. Mfiwa akikaa eda, pembeni yake mkekani hukaa mtu wake, wa kumshikia kikombe, wa kumwambia sasa lala. Alipofiwa na mama yake, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipofiwa mimi na babu wa huyu mtoto, alikuwa yeye, alikaa mpaka magoti yakamvimba. Sasa nikafika mlangoni, nikakuta pembeni yake amekaa mkwe wa Dar, mwenye simu. Shoga yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuniita. Nikakaa kizingitini, pamoja na viatu vya watu. Siku ile na siku iliyofuata nilikaa na viatu, na nakuhakikishia nilivipanga vizuri, jozi kwa jozi, maana kila mtu alikuwa na kazi msibani na mimi hiyo ndiyo niliyobakishiwa. Watu wakitoka wananiambia asante, bibi.

Watu walininyamazia kwa sababu ya shoga yangu, na mimi nilikuwa namngoja yeye. Hao wengine wangenisema mpaka wachoke, nimeshasemwa sana na wengi wa waliokuwa wakinisema nimewasongea ugali wa arobaini zao. Lakini ua wa minyaa una mlango mmoja tu, na yeye akiamua kuuziba, mimi nazungumza na nani?

Siku ya khitma, watu wamejaa uani, mchele unaiva, akatoka binti kutoka ndani. "Bibi, mama anasema mtani aje. Aje na kinu chake."

Tukaenda kukileta, mimi na mjukuu wangu, tunakibiringisha kwenye vumbi mbele za watu kama tunaopeleka ng'ombe mgonjwa mnadani. Shoga yangu alikuwa amesogezwa karibu na mlango, kajitanda nguo yake ya eda, uso umepungua.

"Nimeambiwa umetwanga kwenye simu, mume wangu hajazikwa."

"Nimetwanga, shoga."

"Na ukacheka."

"Nikacheka."

"Mimi sina simu," akasema. "Sikuona. Twanga nikuone."

Wakanitilia makopa kinuni. Nikajifunga kanga kiunoni, nikashika mchi, nikamkuta begani yule mdudu wa maumivu anayenikaa tangu masika yaliyopita. Nikatwanga pigo la kwanza, halafu la pili, na watu wananitazama tu kama wanaotazama mtu anayechimba choo. Hapo nikajua anachokitaka. Nikapaza sauti kuelekea kaburini.

"Amka, mvivu wewe! Watu wanatwanga, wewe umelala! Ulikuwa ukimenya muhogo, maganda yanakuwa manene kuliko muhogo wenyewe, mbuzi wangu walinenepa kwa uzembe wako! Umemwachia mkeo paa linavuja, umekimbilia kwenye nyumba isiyovuja! Nani atanitukana alfajiri, mshenzi wewe? Umeniachia jogoo, na jogoo hana matusi!"

Mzee wa ukoo akacheka wa kwanza. Akafuata mwana mkubwa wa marehemu, aliyekuja na suti, akacheka mpaka akakaa chini, na alipokaa akalia kama mtoto, hakikuwa kile kilio cha siku ya kwanza. Uani pote wakachanganya kicheko na kilio. Mimi natwanga, machozi yananidondokea kinuni, unga wenyewe haukufaa tena kuuzwa popote. Nikamwona mkwe wa Dar anainua simu yake.

"Wewe," shoga yangu akamwambia, wala hakugeuza shingo, "teremsha hicho. Hii haina oda."

Akateremsha.

Niliposhindwa kabisa kunyanyua mchi nikauegemea, nahema. Shoga yangu akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hujui kutwanga," akasema. "Hata tulipokuwa wasichana ulikuwa hujui. Wanaonunua unga wako kwa kutwanga huko, Mungu awasaidie."

Akamwambia mkwe wake atoke akasaidie kupakua wali. Halafu akasogea mkekani, akaacha nafasi.

Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa. Alinuka ubani na usingizi wa siku nyingi. Baada ya muda akaniegemea, kichwa chote, uzito wote, kwenye bega lile lile linaloniuma, nami sikumwambia.