Friji Iliyokwama Mkomani

Wageni huja Amu, kisiwani Lamu, kupiga picha milango ya Mkomani, mtaa wetu wa nyumba kubwa za mawe zilizojengwa na matajiri wa zamani. Kuishi humo ni jambo jengine.

Mwaka juzi nilimnunulia mama friji ya milango miwili, maana joto lilikuwa likimuozeshea samaki. Mahamali wawili waliisukuma kwa mkokoteni kutoka gatini, wakikwaruza kuta za vichochoro. Ikapenya mlango wa nakshi kwa taabu, kisha ikakwama tekani, pale pa kuingilia panapokata kona ili mpita njia asione ndani. Friji haijui kukata kona.

"Mama, tuvunje ukuta huu kidogo tu."

"Uvunde tekani? Nyumba ikae utupu kama ya yule?"

Yule ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alimruhusu mpangaji wake Mzungu kuibomoa tekani yake, na tangu siku hiyo mama hasemi naye, ingawa akikohoa tunamsikia.

Siku tatu tuliingia kwetu ubavu ubavu. Kila mpita njia alisimama kutoa ushauri: ing'oeni milango yake, ivuteni kwa kamba hadi darini, iuzeni. Hakuna hata mmoja aliyeshika kamba.

Siku ya nne nilikwenda kwa jirani bila kumwambia mama.

"Bi, tunaomba tuipandishe kwako hadi juu, ivukie darini kwetu."

"Kupitia mlango huu huu anaoutukana mamako?" alisema. Lakini akafungua.

Mahamali wakarudi, wakaichomoa kwetu; kwake ikaingia vizuri. Ngazi zake ndizo zilizoikataa. Mahamali wakaiacha hapo hapo ukumbini, wakaenda zao, na jirani akaichomeka kwa umeme wake.

Ipo hapo hadi leo. Mama huniambia, "Nenda kwa yule ukanitwalie nguru wangu." Jirani naye, "Mwambie mamako asiweke samaki juu ya maziwa yangu." Hatua kumi zinawatenganisha, na mimi, mtu mzima mwenye kazi na watoto, natoka ofisini adhuhuri kubeba samaki na maneno.

Juzi niliwaambia wote wawili kwamba nimechoka. Jirani akatoa sahani ya mikate ya mofa, akaifunika vizuri.

"Mpelekee mamako," akasema.

Nikapeleka.